Gofu ya visahani kwenye bustani ya wazi: mbona kikapu kinachoonekana wazi ni kigumu kukifikia?

BabaFuraha, Lexington, Kentucky

Wanajukwaa wenzangu, habari za siku nyingi.

Hapa Lexington wasemaji wa Kiswahili, hasa sisi tuliotoka mashariki mwa Kongo, tumekuwa wengi kiasi kwamba shule za mji hutuletea barua kwa lugha yetu. Karibu na mtaa wetu ipo bustani ya umma, na ndani yake umo uwanja wa gofu ya visahani wenye vikapu 18. Hakuna kiingilio wala mlinzi. Anayetaka kucheza hufika na visahani vyake akaanza. Wanangu wameniomba tuwe tunacheza pamoja siku za Jumamosi, nami nimependezwa, kwa hiyo nimekuwa nikikaa kwenye benchi jioni kuwatazama wenyeji.

Mpangilio wenyewe nimeuelewa. Mchezaji husimama juu ya sakafu ndogo ya zege, hurusha kisahani kuelekea kikapu cha chuma kinachoning'iniziwa minyororo, hukifuata kilipoangukia, hurusha tena kutoka hapo, na huendelea hivyo mpaka kisahani kitulie kikapuni. Mitupo huhesabiwa, na mwenye mitupo michache zaidi mwisho wa vikapu vyote ndiye mshindi.

Kinachonitatiza ni kwamba uwanja huu haumo msituni. Ni nyasi zilizokatwa vizuri, mialoni mikubwa iliyosimama mbalimbali, na njia ya lami ya watembea kwa miguu inayopinda katikati ya yote hayo. Watu huniambia kwamba uwanja wa namna hii ni mwepesi na kwamba wajuzi huenda misituni, lakini ninayoyaona hayafanani na maneno hayo. Kikapu cha sita, kwa mfano, kibao chake kinasema futi 310, yaani kama mita 94. Unakiona chote kutoka pa kuanzia, na hapo katikati hakuna kitu isipokuwa mwaloni mmoja upande wa kushoto. Nyuma ya kikapu, hatua kumi hivi, inapita ile njia ya lami, ambapo akina mama husukuma vigari vya watoto. Vijana wenye nguvu na mikoba iliyojaa visahani hutumia mitupo minne au mitano hapo. Visahani vya wengi huangukia kushoto kabla ya kufika hata kwenye mwaloni, na vya wale wachache wenye mkono mzito huvuka njia na kuwashtua watu.

Naomba mnieleze kwa nini inakuwa hivyo, na mtu aliyekwisha kupita miaka hamsini kama mimi apange vipi kukicheza kikapu cha namna hiyo. Pia nataka kujua ni nani anayepaswa kumpisha mwenzake kati ya mchezaji na mtembeaji, na ninunue nini kwa ajili ya familia bila kumaliza mfuko.

Mtupaji wa Tampere

Shikamoo BabaFuraha, maana ni dhahiri umenizidi umri. Naishi Finland, nchi ambayo mchezo huu umeenea mno, na viwanja vyake vingi vimo katika bustani na misitu ya manispaa, bila malipo. Ninacheza vya aina zote mbili, na nakubaliana na macho yako kuliko maneno ya hao waliokwambia kwamba uwanja wa wazi ni mwepesi.

Msituni miti hukuamulia. Unaona upenyo, unarusha humo kwa kiasi, kisha unaendelea. Kwenye bustani ya wazi hakuna kinachokukataza kutumia nguvu zako zote, na hapo ndipo mitupo inapopotelea. Mchezaji hukiona kikapu, huona aibu kurusha nusu ya umbali, huchomoa kisahani chenye ukingo mpana na mkali kuliko vyote mkobani, kisha huvurumisha kana kwamba ni lazima kifike kwa mara moja.

Sasa tuangalie kinachotokea hewani. Kisahani kilichorushwa kwa bekihendi, yaani mkono ukianzia ng'ambo ya kifua na kufunguka mbele, na mtu anayetumia mkono wa kulia huzunguka kufuata mwendo wa saa ukikitazama kutoka juu. Kikiwa na kasi ya kutosha hunyooka, au hupinda kidogo kulia. Kasi ikipungua, huinamia kushoto na kushuka. Karibu kila kisahani kina mwinamo huo wa mwisho, ila kwa vingine ni mdogo na kwa vingine ni mkubwa sana. Kampuni ya Innova huandika namba nne zinazoeleza tabia hiyo, na watengenezaji wengine wengi hutumia utaratibu uleule: namba ya kwanza ni kasi, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu ni kupinda mwanzoni, na ya nne ni kuinama mwishoni. Kisahani chao kiitwacho Destroyer kina namba 12, 5, -1 na 3. Kile kiitwacho Leopard kina 6, 5, -2 na 1. Wanunuzi wengi huiona ile 12 wakadhani kisahani chenyewe ndicho kitakachowapa kasi. Ukweli ni kwamba namba hiyo ni deni: inakwambia mkono wako unatakiwa utoe kasi kiasi gani ndipo kisahani kiruke jinsi kilivyoundwa. Usipoitoa, hatua ya kunyooka haipo kabisa, unabaki na ile ya kuinama peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya visahani vyote hivyo unavyoviona vikianguka kushoto kabla ya mwaloni. Mkono unaorusha Destroyer kwa mita 50 utarusha Leopard mita 60 au zaidi, tena kwa mstari ulionyooka.

Kikapu chako cha sita ningekicheza hivi. Mita 94 zigawe mafungu mawili, usiangalie kikapu kabisa unapoanza. Chagua mahali pa kutua upande wa kulia wa mwaloni, kama mita 60 mbele yako, penye nyasi fupi na pasipo na kitu kati yako na kikapu. Rusha kisahani cha polepole, cha chini, kwa urefu usiozidi kimo cha mtu mara mbili, kwa nguvu ambayo ungeweza kuirudia siku nzima bila bega kulalamika. Ukifika hapo umebakiwa na mita 34 hivi, na mtupo wa pili uwe wa kisahani cha kulengea, ukikusudia kitue hatua tatu mbele ya kikapu, upande wako. Mtupo wa tatu unaingia. Kikapu cha urefu huo kwa kawaida huwekewa kiwango cha mitupo mitatu, kwa hiyo umekwenda sawa na kiwango pasipo kurusha mbali hata mara moja, na njia ya lami hujaigusa. Wale vijana wanaofika nyuma ya kikapu kwa mtupo wa kwanza wana kazi ya kurudi, na mara nyingi wanarudi kwa mitupo miwili.

Kuhusu kununua, kila mtu apate kisahani kimoja cha kulengea, mfano Aviar ya Innova, na kimoja cha masafa ya kati, mfano Buzzz ya Discraft, ambacho namba zake ni 5, 4, -1 na 1. Wewe na mke wako mwongeze Leopard moja moja au kinachofanana nayo. Chagueni vyepesi, gramu 150 hadi 160, na vya plastiki ya bei ya chini, kwa sababu hushikika vizuri mkononi, na vikichakaa huanza kupinda kulia zaidi, jambo ambalo humfaa anayejifunza. Vilivyotumika vinauzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya michezo ya mitumba. Epukeni kijani kibichi na rangi nyeusi. Majani yakianza kudondoka, hata nyekundu, njano na chungwa hupotea machoni; waridi kali na samawati nyepesi huonekana majira yote.

MvuviWaTanga, Minneapolis

Mwenzangu wa Tampere ameeleza vizuri, ila ameuacha upepo, na kwenye uwanja wa wazi upepo ni nusu ya mchezo. Msituni miti huuvunja. Hapo kwako, BabaFuraha, unateremka juu ya nyasi zile bila kizuizi, na ndiyo maana kikapu kilekile kinaweza kuhitaji visahani tofauti asubuhi na jioni.

Kinachokirusha kisahani angani ni kasi yake dhidi ya hewa, wala si dhidi ya ardhi. Ukiwa na upepo wa mbisho, hewa inakuja kukutana nacho, kwa hiyo kinajiona kina kasi kubwa kuliko uliyokipa: kinapinda kulia zaidi, kinapanda zaidi, na kikiwa kimeinua pua hata kidogo kitapaa juu, kitasimama, halafu kitarudi nyuma kuelekea kwako. Upepo ukiwa mgongoni, kinajiona kina kasi ndogo, kinapoteza uwezo wa kuelea, na kinainamia kushoto mapema. Kwa hiyo dhidi ya mbisho shika kisahani chenye ukaidi, ambacho namba yake ya nne ni kubwa, kirushe chini na kipunguzie nguvu. Na upepo ukikusukuma mgongoni, shika kile chepesi kinachopenda kupinda kulia, kiinue juu kidogo, kitakwenda mbali kuliko ulivyotarajia.

Upepo wa ubavuni ndio unaowachanganya wengi. Kisahani kikiinama kiasi kwamba tumbo lake linaukabili upepo, upepo unaingia chini yake na kukibeba. Kikiinama upande wa pili, upepo unakipiga mgongoni na kukikandamiza chini. Mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi, upepo ukitoka kulia, mwishoni kisahani kinainamia kushoto na kuonyesha tumbo lake upande wa kulia, basi hubebwa hadi mbali sana kushoto. Kwenye kikapu chako cha sita, siku ya upepo wa namna hiyo, ningeanza kulia kabisa ya uwanja, hata ikionekana kwamba nakikimbia kikapu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri wa kununua vyepesi vitupu. Watoto wapate vyepesi, hilo ni sawa. Watu wazima wawe na kisahani kimoja cha kulengea cha gramu 170 na zaidi, kwa maana mtupo wa mita nane kwenye upepo mkali huhitaji kitu kizito kisichoyumbishwa. Kanuni zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na visahani vya kulengea vingi huuzwa hadi gramu 175 hivi.

Ukitaka kuona wajuzi wakihangaika na jambo hili hili, tafuta video za mashindano ya Dunia ya mwaka 2022 yaliyochezwa Emporia, Kansas, ambapo Paul McBeth wa Marekani na Kristin Tattar wa Estonia walitwaa ubingwa. Sehemu ya mashindano ilichezwa kwenye nyasi za klabu ya gofu ya kawaida, mahali pa wazi kabisa. Mtazame Tattar anavyosubiri kabla ya kurusha na jinsi anavyochagua pa kutua. Wanaosema kwamba uwanja wa wazi ni wa watoto wangejifunza mengi hapo.

MamaBaraka, Columbus, Ohio

BabaFuraha, karibu sana katika mchezo. Mimi nitajibu swali lako la pili, kwa kuwa naona kaka zangu wamelipita, nalo kwangu ni la kwanza.

Mtembeaji ana haki mbele ya mchezaji, wakati wote, hata kama amesimama katikati ya uwanja akiongea na simu, na hata kama hajui kwamba pale ni uwanja. Kisahani cha gramu 170 chenye ukingo mkali, kikirushwa na kijana mwenye nguvu, kinaweza kumvunja mtu meno au kumjeruhi jicho, na mtoto aliye kwenye kigari hana namna ya kukikwepa. Kanuni za chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, zinamzuia mchezaji kurusha mpaka awe na uhakika kwamba kisahani hakitamdhuru mtu. Hiyo ni kanuni ya mashindano, mahali ambapo watu wote ni wachezaji. Ndani ya bustani ya umma, wanapopita wazee na watoto wasio na habari, uzito wake unaongezeka.

Kwa vitendo, mfundishe kila mwanao jambo moja kabla ya kumwonyesha jinsi ya kushika kisahani: kabla ya kurusha, aangalie kushoto, mbele, kulia, na ng'ambo ya kikapu. Huko ng'ambo ndiko wanakosahau. Mtu akiwa mahali popote ambapo kisahani kinaweza kufika kikikosea, si mahali unapotarajia kifike, mnasubiri. Kama amekaa na hataondoka, kwa mfano familia imetandika mkeka chini ya mti, mnaruka kikapu hicho na kwenda kinachofuata, bila kuwaomba waondoke na bila kuonyesha uso wa kukereka. Kisahani kikipotoka kuelekea watu, pazeni sauti mara moja, kwa Kiingereza au kwa lugha yoyote, maana ukelele mkali humfanya mtu ajikinge kichwa. Na yule mama mwenye kigari akiwapisha kwa hiari yake, mshukuruni kwa sauti. Bustani ni jirani yenu na mtakutana tena.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisisitize. Mchezo huu ulizaliwa ndani ya bustani ya umma. Mtu anayeitwa Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa Wham-O, kampuni iliyotengeneza frizbi, ndiye aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975, katika bustani ya Oak Grove kule California, chini ya mialoni, kama hiyo yenu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakilenga miti, nguzo na mapipa ya taka, na ubishi wa kama kisahani kimegusa au hakikugusa haukwisha. Headrick ndiye aliyebuni kikapu chenye minyororo, akapata hataza yake mwaka 1977. Minyororo hukipunguzia kisahani kasi na kukidondosha kwenye kikapu, na kila mtu huona na kusikia. Mwaka 1976 alikuwa amekwisha kuanzisha PDGA. Viwanja vilienea kwa sababu halmashauri za miji zilikubali kuviweka kwenye ardhi ambayo tayari ilikuwa ya watu wote, na gharama yake ni ndogo, maana hakuna nyasi maalumu wala maji ya kumwagilia. Kibali hicho hudumu maadamu watembeaji wanajiona salama. Halmashauri ikipata malalamiko mengi, kinachoondolewa ni vikapu. Njia ya lami itabaki pale pale.

Nimalize upande wa akina mama. Mke wako asikubali kupewa nafasi ya kusukuma kigari na kutazama tu. Mchezo huu hautaki misuli mingi, unataka muda mzuri wa kuachia, na nimeona wanawake wengi wakiwapita waume zao kwenye mitupo ya karibu ndani ya msimu mmoja.

BabaFuraha

Nawashukuru nyote, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Mtupaji wa Tampere, marahaba, na ushauri wa kugawa umbali mafungu mawili nimeuelewa vizuri. Leo jioni nilikitazama tena kile kikapu nikaona kweli upande wa kulia kuna nyasi nyingi tupu ambazo hakuna anayezitumia. MamaBaraka, nimewasomea wanangu maneno yako, na mke wangu ameyasoma mwenyewe.

Yamebaki mawili. Binti yangu mdogo anatumia mkono wa kushoto. Je, atafute visahani vya namna yake? Na ile njia ya lami ina vibao vidogo kandokando vinavyosema kwamba ni nje ya mipaka. Kisahani kikiangukia hapo tunahesabu vipi, na tunasimama wapi?

KaraniWaAlama, Kansas

Salaam kwenu. Huwa nasaidia kuandika alama kwenye mashindano madogo ya mtaani kwetu, kwa hiyo hili la mipaka nitalijibu mimi.

Kisahani kiko nje ya mipaka pale tu kinapokuwa chote kimezungukwa na eneo la nje. Ukingo wake ukigusa nyasi zilizo ndani, hata kwa upana wa ukucha, kiko ndani na hakuna adhabu. Kwa hiyo msikiokote kabla ya kuinama na kuangalia kwa makini, tena mwangalie wote pamoja, kwa sababu mkikishainua ushahidi umekwisha. Kikiwa nje kweli, unaongezewa mtupo mmoja wa adhabu, kisha unachagua: ama urudi uliporushia, ama uchezee pale kilipovukia mpaka kwa mara ya mwisho, ukiruhusiwa kuingia ndani hadi mita moja kutoka kwenye mstari. Kwenye kikapu cha sita chaguo la pili ndilo lenye faida, maana njia iko hatua kumi tu nyuma ya kikapu, na mtu atabaki na mtupo mfupi wa kurudi.

Pa kusimama ni hivi. Kisahani kikitulia ndani ya mipaka, ama unakiacha kama alama, ama unaweka kialama kidogo mbele yake, upande wa kikapu, halafu unakiokota. Wakati wa kuachia mtupo unaofuata, mguu wako mmoja au kiungo kingine kinachokubeba lazima kiwe kwenye mstatili wa sentimita 20 kwa 30 nyuma ya alama, na kisiwepo kiungo kinachogusa ardhi karibu zaidi na kikapu. Ukiwa mbali unaweza kuupita mstari huo baada ya kuachia, kwa sababu mwili huendelea mbele. Ukiwa ndani ya mita 10 za kikapu huruhusiwi: rusha, tulia, onyesha kwamba umesimama imara, ndipo usogee. Watoto hukosea hapa kila mara, kwa sababu hupenda kurukia kikapu. Mkicheza nyumbani kwa kufurahi msiwatoze adhabu, ila wazoezeni tangu mwanzo, maana mguu uliozoea kurukia mbele huwa mgumu kurekebishwa baadaye.

Mengine ni mepesi. Kikapu cha kwanza mnakubaliana nani aanze. Kuanzia cha pili huanza aliyetumia mitupo michache kwenye kilichotangulia. Baada ya hapo hurusha kwanza aliye mbali zaidi na kikapu, na wengine wote husimama nyuma yake. Kisahani kikipotea mnakitafuta dakika tatu, kisha mnaongeza mtupo wa adhabu na kurudi kilikorushiwa. Hiyo ni hesabu ya alama tu. Mkiwa hamna haraka endeleeni kukitafuta, na kundi lililo nyuma yenu likiwafikia, lipisheni lipite.

MvuviWaTanga

Kuhusu binti anayetumia mkono wa kushoto: hakuna visahani vya kushoto wala vya kulia. Kisahani ni duara, kikizungushwa kinyume, tabia zake zote hugeuka. Alichoambiwa baba kwamba kitaishia kushoto, kwake kitaishia kulia. Kwenye kikapu cha sita ana bahati, kwa sababu anaweza kurusha kushoto ya ule mwaloni na kukiacha kisahani kirudi chenyewe kuelekea kikapu, njia ambayo ninyi wengine mngeipata kwa fohendi tu, yaani mtupo unaoanzia upande uleule wa mkono unaorusha. Mwache aichague mwenyewe. Akirusha upepo ukitoka kushoto, yale niliyoeleza juu ya upepo wa ubavuni yatamhusu yeye kama yanavyokuhusu wewe upepo ukitoka kulia.

Nyongeza moja ambayo hakuna aliyeitaja: Kentucky wakati wa kiangazi ina radi za ghafla. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, acheni mchezo hapo hapo na mwende garini, msijifiche chini ya mwaloni wala msikaribie vikapu, ambavyo ni vyuma vilivyosimama mahali pa wazi.

Mtupaji wa Tampere

Kabla hamjaenda kwa mara ya kwanza, kila mtu aandike jina na namba ya simu kwenye tumbo la kisahani chake kwa kalamu ya wino usiofutika. Desturi ya mchezo ni kwamba anayekiokota humpigia mwenyewe, na huku kwetu visahani vingi hurudi kwa njia hiyo, hata baada ya theluji kuyeyuka. Nanyi mkiokota chenye namba ya mtu, pigeni.

Kikapu cha sita msikianze nacho. Nendeni siku ya kwanza mapema asubuhi, watembeaji wakiwa wachache, mchezee vikapu vitatu au vinne vifupi, halafu mkae nusu saa kwenye kikapu kimoja mkilenga kutoka mita tatu, nne na tano. Mitupo mingi mnayoiona ikipotea kwenye uwanja ule inapotelea hapo karibu na minyororo. Ukishakicheza kile cha sita, tuandikie hapa umekigawa vipi na upepo ulikuwa unatoka wapi.